Akiachia kitufe, kigari kinasimama: Je, mtoto haelewi?

Mama mmoja wa Mbagala ameniandikia kuhusu mwanawe wa miaka minne mwenye mtindio wa ubongo. Baba alinunua kigari cha betri, kisha fundi redio wa mtaani akakiunganisha kwa waya na kitufe cha kengele ya mlangoni ili mtoto akiwashe mwenyewe. Mtoto anabonyeza. Kigari kinatikisika kidogo, kinasimama. Mkono wake haukai juu ya kitufe, unajirudi wenyewe. Anabonyeza tena, kinatikisika, kinasimama. Siku ya tatu akawa hakitazami kabisa, na bibi yake akatoa hukumu: mwacheni mtoto wa watu, haelewi haya mambo.

Mama anauliza: ni kweli haelewi?

Jibu langu ni kwamba kwa kitufe kile hakuna anayeweza kujua. Kitufe cha kengele kinadai mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, mtoto ajue kwamba akibonyeza kitu kitatokea. Pili, awe na msuli unaoweza kubonyeza na kubaki pale pale. La kwanza ni la akili, la pili ni la mwili. Mtoto huyu anaweza kuwa nalo la kwanza lote, akafelishwa na la pili peke yake. Sisi watu wazima tunaona kigari kimesimama, tunaandika kwenye vichwa vyetu kwamba ni akili.

Wiki hii basi tuzungumzie kitufe. Najua ukurasa huu umezoea chanjo, lishe na homa za usiku. Lakini kwa baadhi ya familia zinazotusoma, sakiti ndogo yenye vipande visivyofika kumi inaweza kuonyesha kitu ambacho hawajawahi kukiona: mtoto wao akiamua jambo, na jambo likawa.

Mtindio wa ubongo kwa kifupi

Mtindio wa ubongo hutokana na hitilafu au jeraha katika ubongo unaokua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo ya maisha. Kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa uchungu, manjano kali ya mtoto mchanga, uti wa mgongo na malaria kali iliyopanda kichwani ni miongoni mwa sababu zinazojulikana. Hauambukizi. Jeraha lenyewe haliongezeki kadiri mtoto anavyokua, ingawa misuli na viungo vinaweza kukakamaa zaidi kama havifanyishwi mazoezi. Na si laana ya mtu yeyote.

Kinachoguswa kwanza ni mwendo na mkao wa mwili. Wapo watoto ambao misuli yao imekaza muda wote. Wapo ambao mikono inajipindapinda bila wao kutaka. Wapo wanaotetemeka pale tu wanapokaribia kushika kitu. Baadhi wana ugumu wa kujifunza pia, lakini wengi wanaelewa kuliko miili yao inavyoweza kuonyesha. Mtoto asiyesema, asiyeshika na asiyetembea ana njia chache mno za kukuambia kwamba amekuelewa. Ndiyo maana kitufe kina uzito.

Vitufe ni vya aina mbili

Honi ya bodaboda inalia wakati kidole kimeigandamiza. Ukiachia, inanyamaza. Kengele ya mlangoni ni hivyo hivyo. Swichi ya taa ya ukutani ni tofauti: unaibofya mara moja, taa inawaka, wewe unaendelea na shughuli zako. Swichi ya ukutani ina mkao wake, imelala upande wa kuwasha au upande wa kuzima, na inabaki hapo. Kitufe cha honi hakina mkao. Kinajua tu kama kidole kipo au hakipo.

Sasa tazama simu uliyoshika unaposoma makala haya. Kitufe cha pembeni kikibonyezwa kinarudi mahali pake mara moja, kama cha honi. Hata hivyo, ukikibonyeza mara moja kioo kinawaka, ukikibonyeza tena kinazima. Kitufe chenyewe hakikumbuki chochote. Kinachokumbuka ni sakiti iliyo ndani. Kila inapopata mguso inajiuliza: hivi sasa nimewaka au nimezima? Kisha inageuza.

Hicho ndicho mtoto wa Mbagala anachokihitaji: kitufe chepesi, kinachorudi chenyewe, na nyuma yake sakiti yenye kumbukumbu. Akigusa kwa robo sekunde, kigari kiondoke na kiendelee kwenda mkono wake ukiwa umesharudi kifuani. Akigusa tena, kisimame.

Wazo hili ni la zamani. Waingereza wawili, William Eccles na F. W. Jordan, waliomba hataza ya sakiti ya aina hiyo mwaka 1918, wakitumia taa za redio za enzi hizo. Leo sakiti za jinsi hiyo zimo kwa mamilioni ndani ya kila simu.

Njia za kufanya kitufe kikumbuke

Ya kwanza ni kununua kitufe kinachokumbuka chenyewe, kama kile cha nyuma ya tochi. Ndani yake mna kijino kama cha kalamu ya kubonyeza: bonyeza kinakamata, bonyeza kinaachia. Ni rahisi, hakihitaji sakiti. Kasoro yake kwa watoto wetu ni kwamba kinataka nguvu, na kinataka kisukumwe mpaka mwisho ndipo kijino kikamate. Mtoto mwenye mkono dhaifu anakisukuma nusu, hakuna kinachotokea. Kama mwanao ana nguvu za kutosha mkononi au mguuni, anza na hiki, hakina gharama kubwa. Kama hana, endelea kusoma.

Ya pili ni rilei ya hatua. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, na hii ya hatua hugeuka kila inapopata mguso mmoja wa umeme: mguso wa kwanza inafunga njia, wa pili inafungua. Katika majengo ya ghorofa ya Ulaya imetumika miaka mingi kwenye taa za ngazi, ili mtu aliye ghorofa ya kwanza na aliye ya nne waweze kuwasha na kuzima taa ile ile kwa vitufe vya kawaida. Inafaa, ila nyingi zimetengenezwa kwa umeme wa ukutani, na sisi umeme huo hatuutaki karibu na mtoto. Chukua hii ikiwa tu fundi amepata ya volti ndogo.

Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza: sakiti ndogo ya chipu ya 555. Chipu hii ilibuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971, ikaingia sokoni mwaka 1972, na mpaka leo ni miongoni mwa chipu zinazojulikana sana duniani. Fundi redio yeyote aliyepita chuo cha ufundi ameigusa. Kariakoo na kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki ya miji mingi haikosekani.

Cha kumpelekea fundi

Huna haja ya kuelewa kila neno katika sehemu hii. Mwonyeshe fundi simu yako, atasoma mwenyewe.

Vinahitajika: chipu moja ya 7555, yaani 555 ya aina inayokula umeme kidogo, rezista mbili za kilo-omu 10, rezista moja ya kilo-omu 100, kapasita moja ya maikrofaradi 10, transista ndogo na rezista yake ya beisi, rilei ndogo ya volti 5 au 6, diodi moja, na nyumba ya betri nne za AA, ambazo zikiwa mpya hutoa volti 6. Ongeza swichi ndogo ya kawaida ya kukata betri mchezo ukiisha.

Mguu wa 1 wa chipu unakwenda hasi ya betri. Wa 8 na wa 4 zinakwenda chanya. Mguu wa 2 na wa 6 zinaunganishwa pamoja, na kutoka hapo rezista moja ya kilo-omu 10 inakwenda chanya na nyingine inakwenda hasi, ili sehemu hiyo ikae katikati, kwenye nusu ya umeme wa betri. Kutoka mguu wa 3, ambao ndio unaotoa, rezista ya kilo-omu 100 inakwenda kwenye chanya ya kapasita, na hasi ya kapasita inakwenda hasi ya betri. Kitufe cha mtoto kinakaa kati ya chanya ya kapasita na ile miguu ya 2 na 6. Mguu wa 3 pia unaendesha transista, transista inavuta rilei, na diodi inawekwa kinyume juu ya koili ya rilei ili kulinda transista.

Inafanyaje kazi? Kapasita ni kama kibuyu kidogo cha umeme. Sakiti ikiwa imewaka, kibuyu kinajaa taratibu kupitia ile rezista kubwa. Ikiwa imezima, kinakauka taratibu. Kwa hiyo muda wote kibuyu kinashika kumbukumbu ya hali ilivyo. Mtoto akibonyeza, kibuyu kinaguswa na miguu ya 2 na 6. Kikiwa kimejaa, kinaipandisha ile sehemu ya katikati kupita theluthi mbili za umeme wa betri, na chipu inazima. Kikiwa kitupu, kinaishusha chini ya theluthi moja, na chipu inawaka. Mguso mmoja, badiliko moja.

Kuna sababu mbili za kuchagua sakiti hii kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ingawa sakiti za kugeuza ziko nyingi.

Ya kwanza ni mtetemo. Kitufe chochote, hata kikibonyezwa na mimi au wewe, ndani yake vyuma vinarukaruka kwa muda mfupi mno kabla ya kutulia. Sakiti isiyojali hilo itahesabu mguso mmoja kuwa mitano, na kigari kitawaka na kuzima bila mpango. Kwa mtoto ambaye mkono wenyewe unatetemeka, tatizo linakuwa kubwa zaidi. Katika sakiti hii kibuyu kinahitaji muda kujaa au kukauka upya kabla mguso mwingine haujahesabiwa. Kwa kapasita ya maikrofaradi 10 ni karibu nusu sekunde mpaka sekunde moja. Kama mwanao anatetemeka sana, fundi aweke ya maikrofaradi 22, na muda huo utaongezeka zaidi ya mara mbili.

Ya pili ni kung'ang'ania. Wapo watoto wasioweza kuachia: mkono ukishuka, unakaza juu ya kitufe. Hapa akikaza sekunde kumi, sakiti imegeuka mara moja tu, na inatulia hivyo mpaka aachie, kibuyu kipate nafasi, abonyeze upya.

Usishangae ukiwasha betri kwa mara ya kwanza na kigari kikaanza kwenda kabla mtoto hajagusa kitu. Sakiti inaweza kuanza ikiwa imewaka. Bonyeza wewe mara moja kuizima, kisha mpe mtoto.

Bila kukata waya za kigari

Si lazima fundi akipasue kichezeo. Mwambie achukue kipande kidogo cha karatasi ngumu au plastiki nyembamba, akibandike shaba nyembamba pande zote mbili bila pande hizo kugusana, na kila upande auunge na waya mmoja. Kipande hicho kinachomekwa kati ya betri ya kichezeo na chuma chake. Umeme wa kigari sasa hauwezi kupita mpaka waya hizo mbili zikutane, na kazi ya kuzikutanisha inafanywa na rilei. Siku ukitaka, unakichomoa, kigari kinarudi kama kilivyonunuliwa.

Njia hii inafaa vichezeo vyenye swichi ya kuwasha na kuzima tu: unaiacha swichi yake upande wa kuwasha, na kitufe cha mtoto kinafanya yaliyobaki. Midoli inayosubiri ibonyezwe tumboni ndipo iimbe haifai kwa njia hii, maana kuipa betri peke yake hakuianzishi.

Mwombe pia fundi aweke tundu na pini ya milimita 3.5, kama ile ya hedifoni za waya. Vitufe vingi vya watoto wenye ulemavu vinavyotengenezwa kiwandani hutumia pini hiyo hiyo. Siku hospitali au mfadhili akikupa kitufe cha dukani, kitachomeka moja kwa moja.

Kitufe chenyewe kiwe kikubwa na chepesi. Vile vya duara vya mashine za michezo ya video vinafaa. Kifungwe kwenye ubao au juu ya mfuniko imara, na chini kiwe na kitu kisichoteleza, kipande cha kandambili kuukuu kinatosha. Kitufe kinachokimbia mezani kinamnyima mtoto nafasi aliyoihangaikia.

Je, kila mtoto apewe cha kugeuza?

Hapana, na hapa naomba usiende haraka.

Kwa mtoto ambaye bado hajagundua kwamba mkono wake unaweza kusababisha jambo, kitufe cha honi ndicho mwalimu mzuri. Nagusa, kinalia. Naachia, kinanyamaza. Uhusiano uko wazi. Kitufe cha kugeuza kinaleta fumbo: mguso ule ule, safari hii umewasha, safari ile umezima. Mtoto mdogo anaweza kugusa mara ya pili kwa furaha, kigari kikasimama, akaona kama ameadhibiwa.

Kati ya hivi viwili ipo njia ya tatu, ya muda. Mguso mmoja unawasha kichezeo kwa sekunde kadhaa, kisha kinazima chenyewe na kumsubiri. Mtoto halazimiki kushikilia, wala hapati fumbo la kuzima. Chipu ile ile ya 555, ikifungwa kwa namna nyingine, inafanya kazi hiyo: rezista ya kilo-omu 100 na kapasita ya maikrofaradi 47 hutoa kama sekunde tano, na kapasita ya 100 hutoa kama sekunde kumi na moja. Fundi anaijua, ni somo la mwanzo la chipu hiyo.

Ningepanga hivi. Mtoto anayeweza kushikilia lakini hajaelewa bado: kitufe cha honi. Mtoto asiyeweza kushikilia, na hujui kama anaelewa: kitufe cha muda. Mtoto ambaye umeona wazi kwamba akitaka kitu anabonyeza, na sasa anataka kukiendesha mwenyewe: kitufe cha kugeuza. Kwa mtoto wa Mbagala ningeanza na cha muda kwa wiki mbili au tatu, kisha nimhamishie cha kugeuza.

Kama unahudhuria kliniki ya utengamao, mpelekee mtaalamu wako mpango huu kabla ya kwenda kwa fundi. Yeye amemwona mwanao akiwa amekaa, amelala na amesimamishwa, na anajua ni kiungo kipi kina mwendo unaotii zaidi. Si lazima kiwe mkono. Kwa watoto wengine kichwa, goti au kisigino ndicho kinachosikia amri vizuri.

Namna ya kumpa

Mkalishe kwanza. Mtoto anayepigania asianguke hana nguvu iliyobaki ya kucheza. Mgongo uwe umeegemea, miguu iwe imekanyaga kitu, kichwa kiwe katikati. Kigari kiwe mahali anapoweza kukiona bila kugeuza shingo. Zima televisheni.

Mwonyeshe mara moja au mbili, ukibonyeza wewe. Kisha nyamaza, usubiri. Hesabu mpaka ishirini moyoni. Ubongo wa mtoto huyu unahitaji muda kupanga safari ya mkono, na mara nyingi tunamkatiza safari ikiwa nusu kwa kumwita, kumshangilia au kumshika mkono. Sauti ya ghafla inaweza kuufanya mwili wote ukakamae, akaanza upya. Wenye haraka hapa ni sisi.

Usimbonyezee kwa mkono wake kila mara. Mkono uliopelekwa na mama haumfundishi kwamba ni yeye aliyefanya. Msaidie kwenye kiwiko ikibidi, kisha punguza msaada siku hadi siku.

Dakika kumi zinatosha. Akichoka, acha. Na uandike kwenye daftari: leo amebonyeza mara ngapi bila msaada, alingoja muda gani, alitazama kigari au kitufe. Baada ya wiki chache daftari hilo litakuambia mengi, na daktari wako atalifurahia.

Kigari kikishazoeleka, kitufe hicho hicho kinaweza kuhamia kwenye feni ndogo ya betri au taa ndogo ya betri. Hapo kugeuza kunakuwa na maana kubwa: mtoto anasikia joto la mchana la Dar, anawasha feni, anapumzika. Akisikia baridi, anazima. Hajamwita mtu. Lakini kitufe cha kumwita mama usiku kiache kiwe cha honi, kengele isije ikalia mpaka asubuhi.

Usalama

Kila nilichoeleza ni kwa betri, volti chache tu. Usimruhusu fundi, hata awe rafiki wa miaka mingi, aunganishe kitufe cha mtoto na umeme wa ukutani. Volti 230, mkono wenye mate au jasho, na plastiki iliyopasuka ni mchanganyiko unaoua. Usicheze naye pia wakati kifaa kimechomekwa kwenye chaja.

Betri bapa za duara kama kitufe cha shati ndizo zinazonitisha zaidi. Mtoto akimeza, na ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula vibaya ndani ya saa mbili, hata kama haijavunjika. Chagua vichezeo vya betri za AA au AAA, nyumba ya betri iwe na mfuniko wa skrubu. Ukishuku kwamba mtoto amemeza, ni hospitali papo hapo, usingoje dalili na usimtapishe.

Waya ziwe fupi, zipite nyuma au chini ya meza, zisifike shingoni. Sakiti yote ifungwe ndani ya kopo la plastiki. Risasi ya kulehemu ni sumu, hivyo kazi ya fundi ifanyike kwake, na hakuna kiungo kilicholehemiwa kitakachobaki wazi mahali mtoto anapoweza kukifikisha mdomoni.

Kucheza si anasa

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unataja kucheza kuwa haki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 tukatunga sheria yetu wenyewe. Karatasi tunazo. Vifaa ndivyo haba. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja saidizi, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji.

Kwa hiyo wakati tunadai vifaa vifike kwenye zahanati na shule, na tuendelee kudai, fundi redio wa mtaani ni sehemu ya huduma ya afya ya mtoto wako pia. Mweleze ugonjwa. Mwonyeshe mtoto, si kichezeo tu. Fundi akiuona ule mkono unavyogusa na kurudi, atajua mara moja kwa nini kitufe cha kengele hakitoshi.

Na kwa bibi, kwa heshima zote: tusimhukumu mjukuu kwa kigari kilichosimama. Mama, nenda na orodha hii kwa fundi, mkalishe mwanao vizuri, mguse kitufe mara moja akiona, kisha mhesabie ishirini kimya kimya. Ukiona macho yake yanatoka kwenye kitufe na kwenda kwenye kigari hata kabla mkono haujafika, swali lako limejibiwa.